Sare Haikuwa Yangu Peke Yangu

Sataranji niliishona kabla sijaicheza. Mwanzoni mwa 2022 mwalimu mmoja wa sekondari aliingia kibandani kwangu Chang'ombe, hapa Dodoma, ameshika karatasi yenye miraba 64. Akaniuliza kama ninaweza kumshonea ubao wa kitambaa, kumi na mbili kwa jumla, ya kukunja na kubeba begani. Ile ya plastiki inayotoka nje bei yake ilikuwa imemshinda. Kila mraba aliutaka wa sentimita 5.5. Kanuni za kimataifa, aliniambia, zina vipimo vyake vya mraba, na yeye hakutaka wanafunzi wake wazoee ubao wa ajabu halafu washangae siku ya mashindano.

Nilikubali haraka kuliko nilivyopaswa. Miraba meusi na meupe inaonekana kazi ya mtoto mpaka uanze kuunga. Ukikosea milimita mbili tu kwenye kila mshono, ukifika mstari wa nane umeshapotea sentimita moja na nusu, na ubao unavimba katikati kama shuka lililolowa. Ule wa kwanza niliufumua mara tatu.

Alipokuja kuchukua alikuja na kete, akazipanga juu ya meza yangu ya kukatia ili aone kama zinakaa vizuri. Nikamuuliza kila moja inakwendaje. Askofu nilimwelewa papo hapo, maana anakwenda mshazari kama mkasi unapokata kitambaa kwa upande. Ngome nayo, nyoofu tu. Farasi alinisumbua wiki mbili nzima. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule nilikuwa najifunza kitu ambacho hakuna mteja aliyekingoja.

Huyo Mwalimu ndiye baadaye akawa nahodha wetu. Alikuwa na kikundi kilichokutana Alhamisi jioni kwenye baraza la duka la rafiki yake: wanafunzi wake wa zamani, dereva wa bajaji mmoja, kijana wa benki. Mimi nilikuwa mwanamke pekee aliyekuwa na watoto nyumbani. Nilifungwa na kila mtu. Nilifungwa na mtoto wa darasa la sita aliyekuwa anakula ubuyu huku anacheza.

Sitaeleza miaka mitatu yote. Ninataka kueleza kuhusu sare moja niliyoikataa, si sare ya kuvaa, bali ya mchezo kumalizika bila mshindi. Lakini ili ieleweke, lazima nianzie Ujerumani.

Agosti 2023 Mwalimu alitutumia kiungo kwenye kundi letu la WhatsApp. Kule Düsseldorf, kuanzia Jumamosi tarehe 26 hadi Jumatatu tarehe 28, zilikutana timu kutoka nchi nyingi kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia wa timu wa sataranji ya haraka. Zilikuwa raundi kumi na mbili, kila timu na bodi sita, yaani wachezaji sita mezani kwa wakati mmoja, kila mchezaji na dakika 15 pamoja na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua. Hazikuwa timu za taifa. Zilikuwa klabu na vikundi vilivyojiunda vyenyewe, na mtu angeweza kucheza bega kwa bega na mtu wa nchi nyingine kabisa. Kilichonishika ni masharti ya kikosi: lazima awepo mwanamke angalau mmoja, na lazima awepo mchezaji mmoja wa ridhaa, mtu ambaye kipimo chake rasmi cha uwezo wa kucheza hakijawahi kufika 2000.

Nilisoma hiyo sentensi ya mwisho mara mbili. Timu iliyochukua ubingwa, WR Chess, ilikuwa na Ian Nepomniachtchi, ambaye mwezi wa nne mwaka huohuo alikuwa amepambana na Ding Liren kule Astana kuwania taji la dunia na akalikosa kwenye michezo ya mwisho kabisa. Ilikuwa na Hou Yifan na Alexandra Kosteniuk, wote wawili wamewahi kuwa mabingwa wa dunia wa wanawake. Na ilikuwa na Wadim Rosenstein, mfanyabiashara aliyeianzisha timu yenyewe, ambaye herufi za jina lake ndizo jina la timu. Yeye ndiye alikuwa wa ridhaa. Alikaa mezani akacheza. Pointi yake moja ilihesabiwa moja, na ya Nepomniachtchi ilihesabiwa moja.

Nilifuatilia kwenye simu iliyoegemea gurudumu la cherehani, naona kete zinavyosogea zenyewe. Jumatatu ile nilichelewesha sare za shule za watu wawili. Niliwaomba radhi, nikawapunguzia bei.

Mwezi wa kumi mwaka huo tukafuatilia Kombe la Klabu za Ulaya, lililochezwa Durrës, Albania. Hilo ni la mwendo mrefu: mchezo mmoja kwa siku, raundi saba, bodi sita. Likaenda kwa Offerspill ya Norway, klabu ambayo Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa zamani, aliianzisha mwenyewe mwaka 2019, naye akiwa bodi ya kwanza. Mwalimu alipenda zaidi kutusimulia habari za waliolichukua mwaka mmoja kabla, 2022 huko Mayrhofen, Austria, ambao pia walikuwa wamelichukua 2013 kule Rhodes: klabu ya Nový Bor. Huo ni mji mdogo wa Jamhuri ya Cheki, na unajulikana kwa mafundi wa vioo. Sijui kama alinisimulia mimi makusudi. Lakini mji wa mafundi kuwa na timu inayowashinda wakubwa wa Ulaya, hilo lilinikaa kichwani kila nilipokuwa napiga pasi.

Basi Julai 2025 tukapata mashindano yetu. Timu nane, za hapa Dodoma na za mikoa ya jirani, bodi nne kila timu, raundi sita kwa siku mbili, kwenye ukumbi wa shule. Waandaaji waliazima muda wa Düsseldorf, dakika 15 na sekunde 10, na wakaazima pia sharti la mwanamke mmoja kwenye kila kikosi.

Hapo ndipo nilipoingia. Niliyasikia maneno yenyewe, kijana wetu mmoja akimwambia Mwalimu: "Si tunahitaji mwanamke mmoja tu? Mama atatosha." Hakuwa na ubaya. Ila yaliniuma, na ninaandika hapa kwamba yaliniuma, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya nicheze vibaya siku ya kwanza. Nilikwenda ukumbini nikiwa na kitu cha kuthibitisha.

Ijumaa jioni Mwalimu alitukalisha kutueleza mambo mawili. La kwanza, hesabu. Timu ikishinda inapata pointi 2, ikitoka sare 1, ikifungwa hakuna kitu. Ukishinda kwa bodi zote nne au kwa nusu pointi, ni zilezile 2. Alituambia hata Olimpiadi ya sataranji kwa miaka mingi ilikuwa inajumlisha pointi za kila bodi, na ni Dresden 2008 ndipo walipohamia kwenye pointi za timu. Zamani ukitaka ubingwa ulitafuta kuwakomoa wanyonge kwa bodi zote. Siku hizi unatafuta nusu pointi ya kukuvusha, halafu unalala.

La pili, nahodha. Nahodha wa sataranji si kama kocha wa mpira anayepiga kelele pembeni. Haruhusiwi kusema lolote kuhusu mchezo unavyokwenda, hata kwa uso. Lakini mchezaji akipewa sare anaweza kumuuliza kama aikubali, na yeye anaweza kujibu "ndiyo", au "hapana", au "amua mwenyewe". Anaweza pia kukwambia uombe sare, au ukubali kushindwa. Basi. Kanuni hii niliiona ndogo sana Ijumaa ile. Niliiona kama adabu tu.

Raundi ya tatu, Jumamosi mchana, tulikutana na timu ya vijana wa chuo. Wa kwangu alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama," na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa ameshabonyeza saa. Nje upepo wa Julai ulikuwa unavuma vile unavyovuma Dodoma, unagonga mabati na kuleta vumbi mpaka kwenye kete, na nilikuwa nimejifunga mtandio shingoni kwa baridi. Nilicheza vizuri. Kwenye hatua ya thelathini na kitu kila mmoja wetu alikuwa amebakiwa na ngome moja, mimi askari watano, yeye wanne. Akasogeza ngome yake, akaniangalia, akasema, "Sare, mama?"

Nilichokifanya baada ya hapo nimekipitia kichwani mara nyingi kuliko mchezo wenyewe. Sikuinuka. Dakika tatu nilikuwa nazo, ningeweza kuinuka, nikatembea hatua sita, nikaangalia ubao wa wenzangu. Badala yake niliangalia nyuso zao. Kijana wa bodi ya pili alikuwa amesimama anatabasamu, nikajua ameshinda. Bodi ya kwanza alikuwa ameweka kichwa juu ya mikono, nikajua mambo ni mabaya. Bodi ya tatu alikuwa amekunja uso, nikadhani naye anazama. Hivyo nikajipangia hadithi: tuna moja, tutapoteza mbili, mimi ndiye wa kuokoa. Mwalimu alikuwa amesimama mita mbili nyuma yangu. Sikumuuliza.

"Hapana mwanangu, tuendelee."

Ukweli ni kwamba hata kama hesabu ile ingekuwa tofauti ningekataa. Nilitaka ushindi wa kwanza wa maisha yangu, nilitaka uwe dhidi ya msomi, na nilitaka yule aliyesema "mama atatosha" auone. Nilisukuma askari wangu kama mtu anayekimbizana na basi, mfalme wangu akabaki hana mtu wa kumkinga, na ngome yake ikaingia nyuma. Shah, shah, shah, kila mara mfalme wangu anatishiwa. Hatua kumi na moja baadaye nilimpa mkono.

Bodi ya tatu, aliyekuwa amekunja uso, alipata sare. Kumbe ndivyo anavyokaa akifikiri. Tukafungwa 2.5 kwa 1.5. Ningesema "sawa" badala ya "hapana", ingekuwa mbili kwa mbili na timu ingepata pointi yake.

Mwalimu hakunigombeza. Alichukua karatasi ya matokeo, akaandika 0, 1, ½, 0 kwa mstari mmoja, chini yake akaandika 0, 1, ½, ½, akaniachia karatasi akaenda kunywa chai. Kijana wa bodi ya kwanza hakuongea na mimi mpaka jioni. Alikuwa na haki. Chipsi mayai zangu nilimpa mtoto wa mlinzi.

Usiku huo nilikaa kitandani nikifikiri. Nilikuwa nimezoea kazi ambayo kosa ni la mwenye mkasi. Nikikata gauni vibaya, nitanunua kitambaa kingine, hasara inaishia kwangu. Hapa nilikuwa nimekata kitambaa cha watu wanne. Na nikaelewa kwa nini wanaruhusu lile swali moja kwa nahodha. Mchezaji aliyeinama juu ya ubao wake hawezi kujua nusu pointi yake ina thamani gani, kwa kuwa thamani hiyo haiko kwenye ubao wake. Iko kwenye ile mitatu mingine. Sare ileile inaweza kuwa zawadi saa tisa na ikawa msiba saa tisa na robo, kete zikiwa palepale, kwa sababu mtu wa meza ya jirani amepoteza farasi. Nilimfikiria Rosenstein, tajiri aliyelipia timu nzima, halafu akaketi mezani akiwa dhaifu kuliko wenzake wote. Nilimfikiria na Carlsen, aliyeshinda kila kitu cha mtu mmoja, kwenda Albania kuwa sehemu moja ya sita. Sikuwa na habari za mioyo yao. Nilijua tu kwamba kule mezani kila mmoja wao alikuwa na pointi moja ya kutoa, isiyozidi.

Jumapili asubuhi nilimwambia Mwalimu samahani, na nikamwomba kitu: kila nikipata nafasi ya kuinuka, niinuke. Akasema, "Inuka mama, mradi saa ya mwenzio ndiyo inatembea." Nikaanza kuzunguka. Raundi ya nne nilifungwa lakini tulishinda. Raundi ya tano nilipewa sare, nikauliza, nikaambiwa "ndiyo", nikaikubali bila kupima.

Raundi ya sita tulipangiwa Morogoro. Walikuwa wamekuja kwa treni ya SGR, na kwa muda wote ule walikuwa wanaisifia kiasi cha kutuchosha. Safari hii mimi ndiye niliyetoa shikamoo. Wa bodi ya nne yao alikuwa mzee wa miaka sitini na zaidi, miwani imefungwa kwa uzi, vidole virefu. "Marahaba mwanangu," akasema, akaninyoosha mkono kabla ya kugusa chochote.

Alikuwa mchezaji mzuri kuniliko, hilo nililijua mapema. Lakini alitumia muda mwingi mwanzoni. Tulipofika mwishoni kila mmoja wetu alikuwa na ngome moja na askari mmoja, wangu akiwa amekwenda mbele zaidi, mimi na dakika moja na ushee, yeye sekunde thelathini. Niliinuka. Bodi ya kwanza ameshinda. Bodi ya pili ameshinda. Bodi ya tatu amefungwa, kete zimeshakusanywa. Mbili kwa moja. Nusu yangu ilitosha.

Nikaenda kwa Mwalimu. "Naweza kuomba sare?"

"Omba."

Nikarudi, nikacheza hatua yangu, nikasema kabla ya kubonyeza saa, kama kanuni inavyotaka. Mzee alimtazama nahodha wake. Nahodha akasema neno moja tu, hapana. Nilimwelewa kabisa. Sare kwao ilikuwa sawasawa na kufungwa, hivyo mzee alilazimika kuutafuta ushindi katika nafasi ambayo mtu huru angeshukuru kupewa nusu. Nilimwonea huruma, maana jana yake mimi nilijitia kwenye hali hiyo kwa hiari yangu.

Alisogeza ngome yake ili kumzuia mfalme wangu. Na hapo nikaona njia mbili. Ningeweza kuacha ngome zote mbili zibaki, nimfiche mfalme nyuma ya ngome yangu, nimpeleke askari wangu mpaka mstari wa nane. Nilihesabu mara mbili, mara zote mbili nikamwona anafika. Ushindi wangu wa kwanza, siku ya mwisho, dhidi ya mtu kama yule. Njia ya pili: kubadilishana ngome. Mfalme wake angemla askari wangu, wangu angemla wa kwake, kisha hakuna kilichobaki.

Mikono ilinitetemeka mpaka nikaificha chini ya meza. Sekunde arobaini. Nikaichukua ngome yake.

Hatua sita baadaye kulikuwa na wafalme wawili tu juu ya ubao mzima. Mwamuzi akaja, akasimamisha saa. Tulishinda 2.5 kwa 1.5. Yule kijana wa bodi ya kwanza alikuja akanishika bega, hakusema kitu.

Tulimaliza wa nne. Tulikuwa na pointi 7, sawa na walioshika nafasi ya tatu wakapewa medali, ila wao walituzidi kwenye jumla ya bodi. Pointi moja zaidi tungewapita. Kila mtu kwenye timu yetu anajua ile pointi ilipotelea wapi, na mimi ninajua kuliko wote. Mimi binafsi katika michezo sita nilipata sare mbili na kufungwa mara nne.

Wengine walipokuwa wanapanga viti, mzee wa Morogoro aliniita. "Njoo tuone ungefanyaje." Akarudisha ngome, akarudisha askari, akaniacha nicheze njia niliyoiacha. Mara ya kwanza askari wangu alifika. Mara ya pili mzee alianza kunipa shah za ubavuni, moja baada ya nyingine, mpaka mfalme wangu akakosa pa kujificha na askari wangu akaliwa. Tukarudia mara ya tatu, hatukumaliza, treni yao ilikuwa inakaribia.

Alipokuwa anakusanya kete zake, kidole chake kilipita kwenye mshono wa ukingo wa ubao. Akaukunja, akatazama upande wa nyuma, pale ambapo fundi mvivu huacha nyuzi.

"Huu kashona nani?"

Nikamwambia. Alivua miwani, akautazama tena kwa karibu, akapima mraba mmoja kwa vidole viwili. Halafu akauliza bei.

Aliagiza kumi. Nimeshamaliza mitatu, na wa nne uko kwenye cherehani sasa hivi, nimefika mstari wa sita.